Moto wa Mawe wa Onora Gaughan

Wewe ungemlaumu nani kwanza, ukiamka asubuhi ukakuta meza yako ya jikoni imesimama uani kwenye mvua, vikombe vya jana vingali juu yake, sukari haijamwagika, na mlango wa nyumba bado umefungwa kwa komeo kutoka ndani?

Dervla Munnelly alimlaumu baba yake. Mzee Festus alikuwa mtu wa kupitia baa kabla ya kurudi nyumbani, na akishalewa mikono yake hupata kazi ambazo hakutumwa na mtu. Lakini Festus alitoka nje na soksi zake, akaizunguka ile meza mara mbili, mvua ikimnyeshea upara.

"Meza hii tuliiingiza mwaka niliomuoa mama yako," alisema. "Tuling'oa mlango na fremu yake. Mimi nalewa, sikatai. Lakini meza hailewi ikapungua unene."

Dervla aliipima kwa macho, kisha akaupima mlango. Waliikata miguu kwa msumeno ili waweze kuirudisha ndani, wakala mkate na siagi wamekaa sakafuni kama wakimbizi.

Dervla huyu alikuwa na digrii ya historia, daraja la kwanza, pamoja na kitanda kilekile alichokuwa akikojolea utotoni. Kwetu Mayo tunasomesha watoto kama tunavyonenepesha ndama: wakishaiva, tunawapakia kwenye meli. Darasa lake zima lilikuwa Sydney na Toronto. Yeye alibaki, akaandika maombi ya kazi mpaka kompyuta ikawa inamalizia sentensi yenyewe, na majibu yakaja na adabu nyingi, yakimtakia kila la heri huko aendako, kana kwamba kuna mahali alikuwa anakwenda. Ili apate hela ya sigara aliwatafutia Wamarekani mababu zao. Walikuja kila kiangazi na makoti yao mapya ya mvua, wakakumbatia kuta zilizobomoka, wakalia. Na kila mmoja alitaka kitu kimoja: babu mkulima, mpangaji kwenye shamba la lodi mwenye ardhi, aliyefukuzwa mwaka wa njaa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba amtafutie babu aliyefukuza. Ukiwasikiliza utadhani zile nyumba zilibomolewa na upepo.

Majira ya vuli, Wamarekani walipokwisha, akaona aandike historia ya ukoo wake mwenyewe. Akina Munnelly wa Gortnaleck. Hadithi aliijua tangu anabebwa mgongoni: viazi vilioza, kodi haikulipika, watu wa lodi wakaja na gogo la kubomolea, na Peadar Munnelly, babu wa babu yake Festus, akalala na mkewe kwenye shimo kando ya barabara wakila majani ya upupu ya kuchemsha, mpaka siku waliyorudi na kuishika nyumba yao. Kwenye maktaba ya nyaraka kulikuwa na kasoro ndogo. Kabla ya njaa, nyumba ile ilikaliwa na watu wanaoitwa Gaughan. Baada ya njaa, Munnelly. Kwa mteja angekaa chini akafikiri. Kwa ukoo wake alisema karani alikuwa mlevi, akafungua ukurasa mwingine. Daraja la kwanza, jamani, lakini ilipofika zamu ya babu yake, naye akawa Mmarekani.

Na akaja na wazo la Kimarekani hasa. Nyuma ya jiko la gesi, ukuta wa ubavuni ulikuwa na meko ya zamani iliyozibwa kwa mawe na lipu kabla mtu yeyote aliye hai hajazaliwa. Eti kwa sababu ya baridi. Dervla akasema ataifungua, awashe mboji mle, ule udongo wa kinamasi tunaoukata na kuukausha uwe kuni, moto wa Peadar uwake tena.

Alivunja kwa nyundo asubuhi nzima. Ndani mle hakukuwa na masizi wala popo. Kulikuwa na mawe, kila moja lenye ukubwa wa mkate, yamesimamishwa wima na kuegemezana, chini mapana, juu yamekutana, vilevile mama anavyopanga mboji kavu kabla hajatia kiberiti. Hakuna lililokuwa limeanguka. Festus alivua kofia yake bila kujua kwa nini.

"Rudishia huo ukuta," alinong'ona.

"Baba, ni mawe tu."

"Nayaona ni mawe. Rudishia."

Dervla alicheka. Aliyapakia kwenye toroli, akaenda kuzibia pengo kwenye ukuta wa shamba la ng'ombe, akarudi na kuwasha moto. Ulishika vizuri ajabu. Walikunywa chai mbele yake, na Festus alikaa upande wa mlangoni, kwenye baridi, akisema pale panamtosha.

Kesho yake ndipo meza ilipotoka.

Baada ya meza vikatoka viti. Baada ya viti, kabati la vyombo, kubwa, la mwaloni, ambalo wanaume wanne hulisogeza kwa matusi. Vilikuwa vinatolewa kwa mpangilio, vinawekwa kwa safu kwenye tope, kama mtu anayefanya kazi anayoijua. Jirani yao, Thady Ruane, alipita na trekta lake, akaliona kabati limesimama kwenye mvua na sahani zake zote, akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kama anavyowasalimu siku zote, akapita zake. Katika parokia hii ukibadilisha pazia unaulizwa kanisani. Thady hakuuliza. Hilo ndilo lililopaswa kumtisha Dervla kuliko kabati lenyewe.

Kisha ukaja mshindo.

Watu wamezoea kwamba vitu hivi huja gizani. Huyu alikuja mchana, tena saa za kazi, kwa sababu nyumba za watu hubomolewa mchana, mbele ya polisi, kwa kibali. Dervla alikuwa anamenya viazi aliposikia *dung* kwenye ukuta wa ubavuni, kwa nje, mara moja, na vijiko vikatetemeka kwenye droo. Akatoka kutazama. Hapakuwa na mtu. Akarudi ndani, akaketi, akashika kisu. *Dung.* Na safari hii mshindo uliandamana na harufu, kwanza ya majani ya paa yaliyolowa yanayofukizwa moshi, halafu, chini ya hiyo, ya upupu unaochemka bila chumvi, harufu ya kijani, ya tumbo tupu, iliyomjaa kooni mpaka akatapika kwenye beseni la viazi.

Siku hiyo jioni Festus alimkuta ndama wake bora zizini, amelala, paji la uso limebonyea ndani kama sufuria iliyokanyagwa. Wa pili alikuwa bado anapumua. Festus alimmalizia kwa mkono wake, akaingia ndani na damu mpaka kwenye kiwiko, akanawa, akasema ni wezi.

"Wezi gani wanaacha nyama?" Dervla aliuliza.

"Wezi waliosoma," alijibu baba yake.

Padre aliletwa. Mtu mpole, kutoka Kerala, mwenye parokia nne na gari moja bovu. Alinyunyiza maji ya baraka vyumbani, akafika mbele ya meko, akafungua kinywa. Dervla aliona mkono wa kulia wa Padre unavutwa nyuma, polepole, kama anayesaidiwa kuvua koti, ukapita mahali ambapo mkono wa binadamu hukoma, ukavunjika, kisha Padre mzima akainuliwa kwa ule mkono uliovunjika akatupwa nje kupitia mlango uliokuwa wazi, akaangukia mahali palepale lilipokuwa kabati. Hospitalini aliwaambia aliteleza. Hakurudi, na hakuna wa kumlaumu.

Ndipo Dervla akamfuata Concepta Lavelle. Concepta ana mkono: huponya mkanda wa jeshi, huponya kuungua, na ukishapona humwambii ahsante, maana ukimshukuru dawa hufa. Alikuja na buti zake za zizini. Hakupita jikoni. Alisimama kizingitini, akaitazama ile meko, na moto uliokuwa mkubwa ukalala kama mbwa aliyeona fimbo.

"Kulikuwa na mawe hapo," alisema. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nani aliyatoa?"

"Mimi."

"Halafu ukawasha."

"Nikawasha."

Concepta alifumba macho. "Ule ulikuwa moto wa mawe, mwanangu. Mtu akitolewa kwake, hana bunduki, hana wakili, hupiga magoti mekoni anayapanga mawe kama anayetaka kuwasha. Husema, atakayekaa hapa asipate heri mpaka mawe haya yawake. Kisha hutoka. Wanaoingia huogopa kuyagusa, hujenga ukuta mbele yake wakaishi hivyohivyo. Mnaweza kuishi hivyohivyo miaka. Lakini wewe umewasha moto mahali alipoukataza. Umemwita aje aote."

"Basi ni wetu," alisema Dervla, na kwa sekunde moja akapumua. "Sisi ndio tuliofukuzwa. Ni mtu wa kwetu."

"Kama ni wa kwenu, mbona anawapiga nyinyi?"

Dervla aliuliza atamtoaje.

"Aliyefia nje hatoki kwa maji," alisema Concepta. "Alinyimwa paa, hakupewa hata kaburi. Mtafute alipolala, mifupa ipate mahali pake na jina lake. Pengine atalala. Mkono wangu haufiki huko." Na wakati wote huo alikuwa anaitazama buti yake ya kushoto, hakumtazama Dervla machoni, na aliondoka haraka kuliko alivyokuja.

Kwa hiyo Dervla akafanya alichopaswa kufanya kabla hajashika nyundo. Akaenda kwenye nyumba ya wazee kumwona Bibi Attracta, shangazi yake Festus, mwenye akili zinazokuja na kuondoka kama redio ya zamani. Bahati yake, au mkosi wake, siku hiyo zilikuwepo. Alimuuliza Peadar alifukuzwa mwaka gani.

Bibi alicheka mpaka muuguzi akachungulia.

"Alifukuzwa na nani, Peadar? Peadar alishika gogo."

Aliyaeleza mengine taratibu, anamung'unya biskuti, kama anayesema habari za hali ya hewa. Nyumba ilikuwa ya Onora Gaughan, mjane, mwenye watoto watatu na wa nne tumboni. Wakala wa lodi hakuwa na wanaume wa kutosha, akaajiri palepale parokiani, kwa ujira wa mlo na ahadi ya ardhi. Jirani zake ndio waliovunja ukuta wake. Peadar alikuwa mbele, ndiyo maana alipewa nyumba, akaujenga upya ukuta ule alioubomoa. Onora na watoto walilala shimoni, chini ya ukuta wa ubavuni, siku za baridi ya Novemba, na wakala alitangaza kwamba atakayewafungulia mlango, wake utakuwa wa kufuata. Hakuna aliyefungua. Peadar alikuwa anawasikia watoto wanagonga ukutani. Aliwasikia mpaka walipoacha.

"Walizikwa wapi, bibi?"

Kizee kikakunja uso. Wanaume waliwazoa usiku, kwa aibu, wakaapa kutosema. Mamake alijua lakini hakumwambia, kwa sababu yeye alikuwa mtoto wa kike na angeolewa nje akatoka na siri. "Lakini wengine wanajua," alisema. "Wanaume wanajua. Kwetu haturushiani mambo hayo usoni, si adabu."

Dervla aliendesha gari kurudi kama kichaa, akamkuta baba yake amekaa mbele ya meko, katikati ya jiko tupu, uma wa nyasi mapajani. Vitu vyote vya nyumba vilikuwa nje, vyote, mpaka picha ya harusi na mswaki. Alimwambia kila kitu kwa pumzi moja. Festus alisikiliza. Alizeeka palepale alipokaa, mbele ya macho yake.

"Baba, inuka tuondoke. Vitu ameshatutolea. Anataka tutoke tu."

"Nimezaliwa humu," alisema Festus.

"Si kwetu."

"Sasa kwetu wapi?" Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kuelekezwa. "Niambie, wewe uliyesoma. Nikitoka hapa mimi ni nani? Mtoto wa mshika gogo anayelala kwenye gari. Sitoki. Anitoe."

*Dung.*

Na Dervla akaona kwamba hawako wawili jikoni, kwamba mbele ya moto, karibu sana na moto, kuna mgongo wa mtu aliyechuchumaa, mwembamba kiasi kwamba mwali ulionekana kupitia mbavuni, ananyosha mikono kuota, na alipogeuza uso kidogo tu, kiasi cha shavu, mdomo wake ulikuwa wa kijani mpaka kidevuni kwa majani aliyokufa akiyala, na kando yake vilikuwa vimebanana vitu vitatu vidogo ambavyo Dervla alikataa kuvitazama, na cha nne, kidogo zaidi, kilichokuwa hakijamaliza kuwa mtu, na havikuwa na hasira hata kidogo, vilikuwa vinaona baridi tu, na ndipo nywele zake zikashikwa kutoka nyuma akaburutwa sakafuni, kucha zake zikikatika moja moja kwenye mawe ya sakafu, akapita kizingiti kwa uso wake, akabwagwa kwenye tope kati ya kabati na kitanda.

Akainua kichwa. Kwenye ukuta wa ubavuni, mchana kweupe, mvua ikinyesha, lilikuwa limening'inia gogo kwenye miguu mitatu, na wanaume walikuwa wamelishika pande mbili, wanaume wa udongo, wenye mboji machoni na mizizi kwenye taya, wanalivuta nyuma, wanaliachia, wanalivuta nyuma, na walikuwa wanalia, machozi meusi, maana hawakufanya kwa hiari safari hii. Mjane aliwatoa makaburini mwao waje wamfanyie tena kazi ileile. Wa mbele alikuwa na pua ya baba yake. Na Dervla, ambaye miaka mitatu alikula kwa kutazama picha za watu na kuwaambia wametoka kwa nani, aliwatambua wengine mmoja mmoja bila kutaka: masikio yale yaliyosimama ni ya akina Ruane, kidevu kile kilichopasuka ni cha akina Lavelle, mabega yale ni ya mwenye baa, paji lile ni la mwalimu mkuu, na gogo lilikuwa refu na mikono ilikuwa mingi.

"Baba!"

Festus alisimama na uma wake. Ukuta uliingia ndani wote kwa pigo moja. Gogo lilimkuta kifuani likamsukuma mpaka ukuta wa pili, likarudi nyuma, na yeye akabaki amesimama wima akiwa amegandamizwa kwenye lipu, macho yamefunguka, anatazama kifua chake kilivyokuwa bapa kama gunia tupu. Kisha likaja tena. Dervla alisikia mbavu, zilivunjika kama kuni kavu, na akasikia baba yake anasema kitu kisicho na hewa ndani yake. Safari ya tatu paa lilianguka, vigae vyote, boriti zote, juu yake, na juu ya moto, na moto haukuzimika. Ulipanda juu ya kifusi, juu ya mvua, na mle ndani watoto walikuwa wanacheka kwa joto.

Mazishi hayakuweza kuanzia nyumbani kwa sababu nyumba haikuwepo. Maiti ililazwa kwa Thady Ruane, sebuleni, jeneza limefungwa, na watu walifika kama desturi: sandwichi za nyama, chai nyeusi kama lami, whiskey kwa wanaume, rozari saa kumi na mbili. Wote walimshika Dervla mkono wake uliofungwa bendeji, wote walimwambia pole kwa masaibu yake. Walisema nyumba za zamani hazina misingi. Walisema mvua ya mwaka huu. Concepta alisema mwanangu, mwanangu, akiitazama buti yake.

Dervla alikaa karibu na jeneza, akawatazama. Masikio ya Ruane yalikuwa yanapitisha sahani ya keki. Kidevu cha Lavelle kilikuwa kinatafuna. Mabega ya mwenye baa yalikuwa yanamimina, na paji la mwalimu mkuu, lile lililomwandikia barua ya kumnyima kazi na kumtakia kila la heri, lilikuwa limeinama kwa huzuni ya heshima. Na nyuma ya Thady, pale ambapo nyumba nyingine huwa na meko, kulikuwa na ukuta ulionyooka, uliopigwa lipu vizuri, umepakwa rangi ya maziwa. Yeye alikuwa amedhani wamemnyamazia kwa adabu.

Alisimama. Minong'ono ikapungua, kwa sababu walidhani mtoto wa marehemu anataka kushukuru.

"Gogo lile lilikuwa na urefu wa chumba hiki," alisema. "Baba yangu amelilipia pigo la babu yake. Moja. Nimewaona mababu zenu walioshika pamoja naye, na nyinyi mnajua nimewaona, maana hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza nyumba ilianguka vipi."

Thady alisema, kwa upole sana, kwamba huzuni humfanya mtu aseme mengi, kwamba akae, kwamba aletewe chai. Hakumaliza. *Dung*, kwenye ukuta wa ubavuni, kwa nje, mara moja, na vijiko vikatetemeka kwenye visahani vyote mikononi mwa watu wote, na hakuna aliyegeuka kutazama. Harufu ya upupu ikaingia taratibu, ikakaa kati yao.

"Hamna wa kutuma tena," alisema Dervla. "Wakala ameoza, lodi ameoza, Peadar ana zamu yake huko nje. Mmebaki nyinyi, na kule kwenye mvua kuna mama na watoto wanne wasio na hata jiwe la kaburini. Wekeni chini hivyo vikombe. Thady, anza wewe, nyumba ni yako: mliwafukia wapi?"